Saa Sita Ilitukuta Njiani

Watu wana utani wao na sisi mafundi wa magari: eti ya wateja yanatembea, ya kwetu yamewekwa juu ya mawe. Huwa nacheka nao, maana mtaani ukikasirikia utani unaongezewa mwingine. Lakini najua gari langu lilisimama wapi na saa ngapi, na namjua aliyelisimamisha. Ni mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, bado naishi na wazazi wangu mtaa wa Mbotela, Nairobi, na jina nilikuwa nimekwisha kulipata. Gereji yetu ilikuwa uwanja mtupu tu upande wa viwandani, hauna paa wala mlango, lakini watu walitoka Jericho, Kaloleni, hata Buruburu kuja kuniulizia. Nilikuwa na kiburi, sitaficha. Nikiisikiliza injini mara moja nataja ugonjwa wake, na mwenye gari akinibishia namwachia spana ajitibie mwenyewe.

Gari lenyewe lilikuwa kombi, na niliikuta pale pale uwanjani. Wazungu wawili, mume na mke, walimu, walikuwa wameizungusha nchi nzima wakilala ndani yake, kisha ikawafia muda wao wa kurudi kwao ukiwa umefika. Ilikaa mwaka mzima nyasi zikiota chini yake, mpaka mwenye uwanja akaniambia niichukue, mradi niiondoe mbele ya macho yake. Ndani ilikuwa na kiti kirefu kinachokunjuliwa kuwa kitanda, jiko la gesi la macho mawili, sinki ndogo yenye tangi lake la maji na bomba la mpira, na mapazia ya maua ya manjano. Niliifungua injini na kuifunga Jumapili baada ya Jumapili kwa miezi minane, huku baba akipita na Biblia kwapani kuelekea kanisani, akinitazama. Siku ilipowaka, mtaa ulihamia uwanjani. Vijana waliingia mmoja mmoja kujaribu kitanda, wakatoka wakitikisa vichwa.

"Manze, hii moti iko na jikoni," mmoja wao aliniambia. "Sasa nyumba ya kanjo ni ya nini?" Kanjo ni baraza la jiji, mwenye nyumba zetu.

Mama alisema itafaa kwa kupikia watu matangani. Baba aliizunguka mara mbili, akagonga bati kwa kidole, akauliza kama inaweza kupanda mlima. Nilimwambia itapanda mlima wowote atakaoutaka yeye. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuwaza nyumbani.

Baba alikuwa ameoka mkate katika kiwanda kimoja kwa miaka thelathini, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia. Kwao ni juu ya Karatina, karibu na msitu. Miaka kumi na mmoja hakuwa amekanyaga huko, kwa sababu yeye na kaka yake, baba yangu mkubwa, walikuwa wamekosana. Baba mkubwa alikuwa amelima akavuka ua wa mpaka, akisema mdogo wake yuko mjini na ardhi haiwezi kukaa bure. Baba alipokwenda akaona, aliyang'oa mahindi ya kaka yake mstari baada ya mstari, yakiwa bado mabichi, mchana kweupe, watoto wakitazama. Baba mkubwa akamrushia maneno. Akamwita mtu wa mkate wa dukani. Akasema pia kwamba mwanawe, yaani mimi, niliyeacha shule nikashike spana, sitakuja kufaa kitu duniani. Mama ndiye aliyenihadithia. Alisema mengine yote baba aliyameza, ila hilo la mwisho lilimkwama kooni.

Alipostaafu akawa mtu mwingine. Alikaa mlangoni asubuhi nzima akitazama watu wakienda kazini, halafu akaanza kusema kwamba anataka kujenga hata nyumba ya mbao huko kwao, na siku yake ikifika alazwe kando ya mama yake. Nyumba angeweza kuijenga, ardhi ilikuwa yake. Lakini hakutaka kujenga karibu na mtu asiyeitikia salamu yake, wala kuzikwa mahali ambapo kaka yake atatazama pembeni jeneza likipita.

Kwa ukoo wetu, ndugu waliokosana namna hiyo hawapatanishwi kwa barua wala kwa kushikana mikono kanisani. Wazee huitwa. Mkubwa hupika muratina, pombe ya asali, na wote wawili huinywa kwa pembe moja mbele ya wazee hao, kabla jua halijavuka utosi. Likivuka, basi, kwa sababu wazee wetu hawakubali kupatanisha watu mchana ukiwa unapungua. Asiyefika kabla ya hapo huhesabiwa kuwa amekataa. Wazee huimaliza ile pombe wenyewe wakaenda zao, na haipikwi mara ya pili.

Baba alituma binamu wawili kwenda kumsemea. Hakuna aliyetegemea jibu zuri, lakini baba mkubwa alikubali. Akasema ataipika mwenyewe kwa asali ya mizinga yake, na Jumamosi ikapangwa. Baba alikuwa ameokoka, alikuwa hajaonja pombe tangu mimi nikiwa mchanga, kwa hiyo alikwenda kwa mchungaji kuomba ruhusa ya kulowesha midomo. Alirudi anatabasamu. Alikuwa na koti moja la rangi ya majivu, la harusi na mazishi, na juma zima lile mama alilianika na kulipiga brashi na kulianika tena.

Alitaka kupanda basi Ijumaa, alale Karatina kwa jamaa, asubuhi apande taratibu. Mimi nikakataa. Nilimwambia haiwezekani aende kwao kwa basi akibanwa na magunia ilhali mwanawe ana gari lenye kitanda. Nilitaka afike akiwa amekaa mbele, mapazia yakipepea nyuma, na yule aliyesema sitafaa kitu aone kwa macho yake. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya baba. Leo nasema wazi kwamba nilifanya kwa ajili yangu. Baba alinisikiliza, akasema sawa, wewe ndiye unayejua magari.

Ijumaa hiyo mchana alinijia mteja mwenye gari dogo lenye injini kama ya kombi. Pampu ya petroli ilikuwa imekufa, na kesho yake alikuwa na kazi ya kumbeba bibi harusi Machakos. Tulizunguka maduka ya spea, tukakosa. Alikuwa karibu kulia. Sasa, sisi mafundi wa uwanjani tulikuwa na mtindo wetu: gari la fundi ndilo stoo yake. Kitu kikikosekana unakifungua kwenye lako, unamfungia mteja, halafu wiki inayofuata unajitafutia kingine. Niliifungua pampu yangu nzima nikamfungia yeye, na yake mbovu nikaichukua mimi. Kile kipande cha mpira cha ndani kilikuwa kimepasuka, nikakata kingine kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Nilijua petroli inakula tyubu, hilo ni jambo ambalo hata mtu wa wiki mbili gerejini analijua. Nilijiambia kitahimili hadi Jumatatu. Mteja aliniita daktari mbele ya mafundi wenzangu, nikaenda nyumbani nimevimba kichwa, na kwa wazazi wangu sikutaja pampu.

Tulitakiwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Tulitoka saa moja, kwa sababu niliona matope kwenye magurudumu nikarudia kuyaosha. Baba alikaa mbele na koti lake, kofia magotini. Mama alikaa nyuma kwenye kile kiti kirefu, na vyombo, na blanketi jipya alilomnunulia shemeji yake. Tulipita Thika, mashamba ya mananasi yakawa pande zote mbili, mistari myekundu ya udongo ikikimbia mpaka milimani. Baba alifungua kioo. Alianza kunionyesha vitu: hapa palikuwa na kahawa ya mzungu fulani, pale alipumzika mara ya kwanza alipokuja Nairobi kwa miguu na kaka yake, wakila viazi vya kuchoma, kaka yake akimpa vile visivyoungua. Hakuwahi kunieleza kwamba walikuja Nairobi pamoja. Nilikuwa nikisikiliza kwa sikio moja, la pili lilikuwa kwenye injini.

Tulipokaribia Sagana mlima ulijitokeza wote, Kirinyaga bila wingu hata moja, theluji ikionekana, na chini yetu mto ukipita kati ya mawe. Nilisimamisha gari. Baba akauliza kuna nini. Nikamwambia tutakunywa chai hapa kama wale wazungu walivyokuwa wakifanya, kwa jiko letu, tukiangalia mlima. Alitazama saa yake, akasema wacha tuinywe tukifika. Nikamwambia kuna wakati mwingi. Nikawasha jiko, nikatoa viti, nikamsimamisha mama karibu na mlango nikimwambia ashike kikombe hivi na vile. Wapita njia walisimama kututazama nami nikafurahi. Chai hiyo ilichukua karibu saa nzima. Baba aliinywa akiwa amesimama.

Mbele ya Sagana barabara inaanza kupanda kuelekea Karatina, na hapo kombi ikaanza kukohoa. Nilijua ni nini kabla haijazimika. Tulisimama penye kona, mashamba ya kahawa na migomba juu yetu, bonde upande wa chini, saa nne na robo. Mama alishuka akavunja matawi akayapanga barabarani nyuma yetu na mbele, ili magari yajue kuna lililokwama. Nilifungua mlango wa injini, nikaitoa pampu, na ule mpira ulikuwa umelainika na kuvimba kama ugali uliolala majini.

Nilikata mwingine. Nilikuwa na kipande cha tyubu kwenye sanduku la vyombo. Nikafunga, gari likawaka, likaenda hatua hamsini, likazimika tena.

Hapo ndipo ikaja pikapu. Ilikuwa imepeleka kabeji Nairobi alfajiri na sasa inarudi tupu, dereva peke yake, mtu mzima mwenye sweta. Akasimama bila kuulizwa, akatazama matawi, akamtazama baba na koti lake.

"Mzee na mama waingie hapa mbele," alisema. "Karatina ni hapo tu. Wewe kijana utatufuata ukimaliza."

Baba alikuwa ameshashika mlango wa pikapu. Nayakumbuka haya vizuri kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mlango, wa pili umeshika kofia. Nami nilitoa kichwa kwenye injini nikamwambia dereva asante, kaka, hatuna shida, ni nusu saa tu. Kisha nikamwambia baba kwa sauti ya chini kwamba hawezi kufika mbele ya wazee wale akiteremka kwenye pikapu ya kabeji.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nina hakika, baba."

Aliuachia mlango. Dereva alisubiri kidogo, kama mtu anayefikiri tutabadili nia, kisha akaondoka zake. Ilikuwa saa tano kasoro dakika chache.

Nilikata mpira mara ya tatu, nikaufanya mara mbili, mmoja juu ya mwenziwe. Haukushika. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Akasema kule kiwandani madereva wa mkate wakikwama walikuwa wakiweka mtungi wa petroli mahali pa juu na kuteremsha mafuta kwa mpira moja kwa moja, bila pampu. Nilijua hilo. Kila fundi analijua, na ni kazi ya robo saa. Lakini ningefikaje kwetu na mtungi na mipira ikining'inia, kama gari la kubebea takataka? Nilimjibu kwa ukali kwamba aniachie kazi yangu. Baba hakuwa mtu wa kusemeshwa hivyo na mtoto. Alikwenda akakaa kwenye jiwe, akaitazama saa yake, na baada ya hapo hakuitazama tena, alitazama jua.

Saa sita ilitukuta hapo. Mama alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kanisani chini kwa chini, akaukatiza katikati ya mstari.

Ilipofika saa saba ndipo nilipofanya kile baba alichokisema. Nililifungua tangi la sinki nikamwaga maji, nikanyonya petroli kwa mdomo nikalijaza, nikaliweka juu ya kitanda na kupitisha bomba kwenye dirisha la nyuma mpaka kwenye kabureta. Tangi halikuwa na pa kufungwa, kwa hiyo mama alilipakata. Gari likawaka mara moja na halikukohoa tena mpaka mwisho wa safari. Mama alilishikilia hivyo njia nzima, petroli ikimrukia kwenye gauni lake la Jumapili, akiweka pua dirishani apate hewa.

Kutoka barabarani hadi kwa baba mkubwa ni njia ya miguu tu, jambo nililokuwa nimelisahau, kwa hiyo gari hawakuliona. Tulishuka tukitembea haraka, baba mbele. Tulikutana na wazee langoni wakitoka. Vibuyu vilikuwa vimelazwa kwenye nyasi, vitupu, na pembe ilikuwa imefunikwa kichwa chini juu ya kigoda. Mlango wa nyumba ya baba mkubwa ulikuwa umefungwa. Mzee aliyekuwa msemaji wao, mtu wa rika la babu yangu, alisema mwenye nyumba ameshuka shamba la bondeni kuangalia ng'ombe. Halafu akamuuliza baba, kwa upole kabisa, ni nini kilichomchelewesha siku kama hii.

Nilikuwa nimesimama mkono wa kuume wa baba. Nilisubiri aseme gari. Nilikuwa hata nimeandaa uso wa mtu aliyeonewa na mashine.

Baba alitazama wale wazee mmoja mmoja. Walikuwa wote wakiujua ule usemi wa kaka yake juu yangu, maana ulisemwa hadharani. Akavua kofia.

"Nililala," alisema. "Usingizi ulinishinda. Nimechelewa kuamka."

Mama alivuta pumzi kutaka kusema, baba akamgusa mkono. Mzee msemaji alisubiri, akidhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Wazee waliangalia chini kwa aibu, aibu ya kumwonea baba yangu haya, mtu aliyepikiwa pombe na kaka yake akaendelea kulala. Nami nilikuwa na mdomo, na ulimi, na miaka ishirini na sita, na nikanyamaza. Nilifarijika, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Kwa muda kama wa kuhesabu mpaka kumi nilifurahi kwamba jina langu limepona.

Mama aliliacha blanketi mlangoni kwa baba mkubwa, tukapanda kurudi.

Karatina nilipata duka lenye pampu iliyotumika. Niliifunga kwa dakika kumi. Baba alisimama akinitazama mikono, kwa utulivu, kama alivyokuwa akinitazama nikifanya hesabu za shule.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi," alisema. Kisha akaniuliza kama ile ya kwanza ilikuwa nzima tulipotoka nyumbani.

Nilimwambia ilikuwa nzima. Nilimwambia mashine ni mashine, haina taarifa. Akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akaingia ndani ya gari akalikunja koti lake na kuliweka magotini. Tulipopita Sagana mlima ulikuwa umejifunika mawingu na hakuna aliyegeuka kuuangalia.

Baba aliishi miaka minne baada ya hapo. Hakunilaumu hata siku moja, wala hakutaja tena kujenga. Binamu zake walimwambia ajaribu kwenda tu, bila wazee, abishe hodi. Alisema hawezi kubisha hodi kwa mtu aliyempikia pombe naye akalala. Alilisema kama vile lilikuwa jambo la kweli, kama vile kweli alilala, na nafikiri mwishoni alikuwa ameshalizoea. Alipougua alituambia tusimpeleke mahali asipotakiwa. Tulimzika kwenye makaburi ya jiji, mbali na mama yake, kati ya watu ambao hatukuwajua majina. Baba mkubwa alituma salamu za rambirambi kwa mdomo wa mtu. Hakuja.

Alikuja mwaka uliofuata, peke yake, bila kututumia habari. Nilirudi kutoka kazini jioni nikamkuta ameketi kwenye kiti cha baba, kofia magotini, mama akimpikia chai. Alikuwa amezeeka sana. Nilimsalimu, akaitikia, akaniuliza kuhusu kazi, akasema amesikia mimi ni fundi mzuri. Mama alipoingia jikoni alisogeza kiti chake karibu na changu.

"Nataka uniambie kitu kimoja," alisema. "Siku ile alilala kweli?"

Nilimwambia yote. Pampu, mteja wa harusi, tyubu, chai ya Sagana, pikapu ya kabeji, mkono wa baba kwenye mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu, hata mama hakuwa anajua ya ile pampu ya Ijumaa. Nilisema haraka haraka nikitazama sakafu, na nilipomaliza niligundua kwamba nalia. Baba mkubwa hakunituliza. Aliizungusha ile kofia magotini polepole, ukingo wote, mpaka ikafika pale alipoanzia.

Akaniambia kwamba hakuwa ameshuka shambani. Alikuwa ndani. Jua lilipovuka aliwaacha wazee wamalize pombe, lakini kibuyu kimoja alikuwa amekichukua akakificha chini ya kitanda, kwa sababu alimjua mdogo wake, na alijua atakuja. Desturi ni desturi, alisema, lakini yeye ndiye aliyeipika ile pombe. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, jicho kwenye ufa wa mbao, akingoja kusikia kisa chochote, gari, mvua, ugonjwa, kitu cha kumpa sababu ya kutoka mbele ya wazee wale. Akasikia kwamba ni usingizi.

"Hata hapo sikuamini," alisema. "Nilikuona wewe. Mikono yako ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Nikajiuliza, watu waliolala, mbona mtoto wao yuko hivi? Nikashika komeo. Nikasema moyoni, kijana huyu akitoa neno moja tu, nafungua."

Mama alikuja na chai. Alimmiminia baba mkubwa kikombe, akamwekea sukari, akatuangalia sote wawili, akarudi jikoni bila kuuliza. Baba mkubwa alikipuliza kile kikombe kwa muda mrefu.

"Nilingoja mpaka mkaondoka," alisema.